Jina Moja kwa Watu Wanne

Steinunn alikuwa anamenya viazi simu ilipolia juu ya friji. Akafuta mikono, akasoma. Maombi ya viza za Ethiopia, yake na ya watoto wawili, yalikuwa yamerudishwa: "Taarifa hazilingani. Omba upya." Hakuna neno la ziada. Pasaka ilikuwa inabisha hodi, na Hallur, mumewe, alikuwa huko tangu vuli akichimba visima vya mvuke wa kuzalishia umeme. Likizo yake fupi isingemfikisha nyumbani, kwa hiyo wasipoenda wao hawangeonana mpaka kiangazi. Na Ylfa, binti yao mdogo, alikwishaanza kumtaja babake kama mtu wa zamani. "Baba alikuwa anapenda hiki," husema. Alikuwa. Steinunn akaviacha viazi kwenye maji, akabeba taulo, akaenda kuwachukua watoto kwenye mazoezi ya kuogelea.

Kijiwe cha mji ule ni dimbwi la maji ya moto pembeni mwa bwawa la kuogelea. Jioni utakuta vichwa vitatu vilevile vimechomoza kwenye mvuke, theluji ikividondokea, na vikombe vya kahawa ya bure vimepangwa ukingoni. Kuna Balozi, nahodha mstaafu aliyepewa jina hilo kwa sababu aliwahi kuuza samaki nchi za watu. Kuna Mama Posta, aliyegonga mihuri barua za mji mzima. Na kuna Fundi, anayetengeneza mashine za kufulia, hata zile ambazo hazijaharibika. Steinunn akajitosa katikati yao kuwasubiri watoto.

— Mbona umenuna? Balozi akauliza. Nani kafa?

— Viza zimerudishwa. Eti taarifa hazilingani.

— Picha hizo, akasema Mama Posta. Ulicheka. Ukicheka wanakuona huna shida na safari.

— Mimi? Mara ya mwisho umeniona nikicheka lini?

— Hilo nalo kweli.

— Si picha, akasema Fundi. Ni tiketi. Umekata?

— Sijakata. Nikate kabla sijapata viza, nina wazimu?

— Ndiyo hiyo sasa! Mtu hana tiketi, wanajiuliza, huyu anakuja kwa miguu?

— Fundi, wewe mwenyewe juzi uliniambia nisikate.

— Juzi nilikuwa na njaa.

Balozi akainua mkono unaotiririka maji.

— Tulieni. Mimi nimevuka mipaka. Kazi ya mume ulijaza nini?

— Mchimba visima vya mvuke.

— Basi! Mume anachimba mvuke, mke anatoka nchi ya mvuke. Wanadhani mnakwenda kuuiba.

— Tuubebe kwenye nini, Balozi? Kwenye begi la shule la Ylfa?

— Utani huo. Serikali hazina utani.

— Tuwaandikie barua, akasema Mama Posta. Sote tutie sahihi. Tuseme Steinunn ni mtu mwema, anakwangua theluji mpaka mlangoni kwa jirani. Halafu mimi naigonga muhuri.

— Muhuri gani, mama?

— Ninao wa zamani nyumbani.

— Muhuri wa posta? Utanifungisha!

Wakacheka wote isipokuwa Steinunn, aliyezama mpaka kidevuni. Alikuwa amechoka. Kwa kweli hakujua arekebishe nini, na kutuma maombi yaleyale kungekuwa kupoteza muda ambao hakuwa nao.

Ng'ambo ya dimbwi alikuwapo mwanamke kachovya miguu tu, maana hajazoea joto lile. Ni Dagný, mchungaji mpya wa kanisa, aliyehamia mjini juzijuzi.

— Samahani, majina mliandikaje?

— Majina yako safi, Balozi akadakia. Hayo nilimsimamia mwenyewe. Sisi kila mtu anabeba jina la babake, wa kiume linaishia -son, wa kike -dóttir, sawa, lakini wageni hawajui. Kwao familia ina jina moja. Wakiona mke Torfadóttir, mume Egilsson, kijana Hallsson, binti Hallsdóttir, watasema hawa wameokotana stendi. Nikamwambia, waandike wote jina la mume. Egilsson, kwisha.

— Na Ylfa pia?

— Pia.

Fundi akapaliwa na kahawa.

— Ylfa Egilsson! Binti wa miaka sita umemfanya mtoto wa kiume wa babu yake!

— Nimesema ni kwa ajili ya wageni!

— Sawa, akasema Dagný taratibu. Na pasipoti yake inasema yeye ni nani?

Theluji ikaendelea kuanguka. Mama Posta akachungulia ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna mtu humo. Fundi akaanza kukagua bomba la maji ambalo halikuwa na tatizo.

— Kahawa imekwisha, akasema Balozi, na kikombe chake kilikuwa nusu.

Steinunn alikwishatoka majini.

— Balozi, kesho tukionana nisalimie tu. Usinishauri kitu.

Nyumbani aliwasha jiko, akatia samaki chumvi, akazipanga pasipoti mezani kando ya sahani. Viazi vikichemka, alijaza upya kwenye simu, akinakili kila jina kama lilivyo, huku akiwaita kwa sauti ili asiruke mtu.

— Sindri Hallsson.

— Nipo. Njaa inaniua.

— Ylfa Hallsdóttir.

— Nipo! Mimi nataka siagi nyingi.

— Steinunn Torfadóttir. Nipo mimi.

Akasoma tena kutoka juu mpaka chini. Watu watatu, majina matatu. Akatuma. Kujibiwa kabla ya Pasaka au la, hilo halikuwa mikononi mwake tena. Akamwaga maji ya viazi, akapakua samaki.

— Na baba? akauliza Ylfa. Hujamwita.

Steinunn akapiga simu, akaiegemeza kwenye sufuria. Ikaita sana kabla sura haijatokea.

— Hallur Egilsson?

— Nipo, ikasema simu. Kuna nini?

— Hakuna kitu. Haya, kuleni.