Mine, Maini na Madam Generosa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha Kiingereza katika sekondari yetu hapa Nyarugusu, Madam Generosa Maduhu anastaafu tarehe 30 Juni. Ubishi wake haustaafu.

Alitoka kwao Mhunze akiwa binti, na kipindi chake cha kwanza aliandika ubaoni "This is mine", akaomba tafsiri. Wa kwanza alisema ni yangu, wa pili akasema ni mgodi. Wa tatu, ambaye bila shaka hakuwa amekunywa chai, aliapa kwamba ni maini. Madam anasema alicheka hadi chaki ikamponyoka.

Tangu hapo alifundisha asili ya neno hilo anavyotaka yeye. Eti Mzungu alifika mahali, akapenda ardhi, akasema "mine", yaani yangu, ndipo akachimba. Shimo likarithi jina. Mwalimu wa taaluma, Sostenes, alimletea kamusi nene inayosema kuwa ni maneno mawili tofauti: la umiliki ni Kiingereza cha kale, la mgodi limetoka kwa Wafaransa. Madam alijibu kuwa aliyeandika kamusi hajawahi kufika Nyarugusu. Kamusi ikarudi kabatini.

Mwaka juzi ulivuma uvumi wa dhahabu. Asubuhi tukakuta wachimbaji wameanza duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, nyuma ya darasa la Kidato cha Pili, na ukuta umeshapata ufa. Mkuu wa shule alipiga simu kila mahali. Sisi wengine tulijifungia ofisini, tukaita kikao. Madam alitoka peke yake, akapokea shikamoo zake, maana wengi wao aliwafundisha, kisha akamuuliza kiongozi wao, Marwa, kitu kile kwa Kiingereza kinaitwaje. Marwa akajibu "mine". Madam akamuuliza ni ipi, ya mgodi au ya yangu.

Marwa alitazama shimo, akatazama dirishani. Binti yake alikuwa pale, anamwangalia.

"Langu ni hilo darasa, madam," alisema, akawaambia wenzake wafukie.

Ndani ya darasa hilo ndimo tunamomuaga leo, na ufa waliuziba wachimbaji wenyewe. Madam, asante sana, tunakupenda. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana na watu wa kubishana nao huko Mhunze. Ila dhahabu ikivuma tena hapa, tafadhali njoo. Bado hatujakubaliana nani atatoka ofisini.