Fundi Tani, Aliyeupunguzia Moyo Mzigo

Wasikilizaji wapendwa, kama umekaa kwenye kochi na halilii, tulia hapohapo. Leo tunamkumbuka fundi makochi. Mtaa mzima ulimwita Tani, naye aliitikia bila kinyongo. Fundi Tani ametutoka wiki iliyopita, akiwa mzee mwenye wajukuu.

Jina hilo alipewa kwa sababu ya mwili. Tani alikuwa mnene, na unene wake ulikuwa sehemu ya kazi. Kochi likikamilika, alilipangusa vumbi la mbao, akageuka, akajibwaga juu yake kwa kishindo. Fremu ikikaa kimya, humwambia mteja, "Limenibeba mimi. Wewe na mama watoto mnaweza hata kupigana humo." Wateja walicheka, wakabeba kochi lao. Dhamana nyingine hakuwa nayo.

Lakini moyo, wasikilizaji, haukuwa na utani. Kaka yake, mwenye mwili kama wake, alikufa ghafla kwa ugonjwa wa moyo, watoto wake wakiwa bado wadogo. Tani naye akaanza kuhema akiinua nyundo tu. Miguu ikavimba. Presha ikapanda, ikagoma kushuka. Kujinyima chakula alishajaribu sana. Kilo zinaondoka, kisha zinarudi na wenzao. Daktari akamweleza wazi kwamba moyo umeelemewa, akamshauri afanyiwe operesheni ya kupunguza tumbo la chakula.

Narudia kwa aliyefungulia redio sasa hivi: operesheni ya kupunguza tumbo la chakula, ili moyo upate nafuu.

Tani akasita. Kisu alikiogopa, ndiyo. Ila aliogopa zaidi kuharibu jina lake la kazi.

"Nikikonda, nani ataamini makochi yangu?" alimuuliza mkewe.

Mkewe alikuwa anakunja nguo. Hakuinua hata uso. "Baba watoto, mimi sitaki kuwa mjane mwenye makochi mazuri."

Akaenda hospitali.

Alirudi akila chakula cha kujaza kikombe, tena polepole. Mama mkwe alipomwona akamjia juu binti yake. "Mwanangu, mbona unamtesa mkwe wangu kwa njaa?" Ikabidi aelezwe upya, na bado akawa anaguna. Mwili ukapungua, suruali zikamkimbia, presha ikatulia. Jina tu ndilo halikukonda.

Kochi la kwanza baada ya hapo likaleta kesi. Mteja alimtazama fundi kuanzia juu mpaka chini. "Sasa wewe utalijaribu na nini?"

Tani akakuna kichwa. Kisha akapaza sauti, akaita familia: mke, binti, shemeji aliyekuja kusalimia tu, na mama mkwe mwenyewe. Wakajibana wote kwenye kochi moja. Fremu kimya! Mteja akaridhika, na tangu siku hiyo kila kochi jipya lilikaliwa na ukoo.

"Tulikuwa tunagombania katikati," anasema binti yake, kicheko na machozi vikimjia pamoja. "Tukishakaa hatuinuki. Baba anapiga hadithi, mwenye kochi anasubiri."

Haikuwa mteremko, wasikilizaji. Vidonge vya vitamini alimeza kila siku. Kliniki hakukosa. Umri uliposogea, kilo kadhaa zilirudi kimyakimya, akaanza kuwapelekea wateja mito yao kwa miguu, akilalamika njia nzima. Lakini alikwenda. Aliwaoza wanawe, akawabeba wajukuu mgongoni.

Mwishowe homa ya mapafu ndiyo iliyomchukua. Daktari wa wodi aliwaambia jamaa kwamba moyo wa mzee ulijitahidi mpaka dakika za mwisho.

Kwa mjane, watoto, wajukuu na mafundi wenzake, tunawapa pole kutoka moyoni. Nanyi mnaotusikiliza, sisemi kila mtu akapasuliwe. Hilo ni la daktari na mgonjwa wake. Nasema nenda ukapime presha, usikie moyo wako unasemaje. Kisha mfikirie anayelala ubavuni mwako. Nilimuuliza mjane wa Tani atakumbuka nini zaidi. Akatabasamu.

"Zamani nilikuwa nalala nimeweka sikio kifuani pake, nihakikishe moyo unapiga. Hata baada ya operesheni niliendelea. Halafu nikaja kugundua nimeacha. Wala sijui niliacha lini. Nilikuwa nalala tu, kama watu wengine."