Nanyama na Mazishi Yasiyo na Spika

Dkt. Nanyama Wachira alizaliwa tarehe 3 Mei 1961 huko Webuye, binti wa marehemu Zachariah na Robai Wafula. Mimi, Millicent, nilimfuata, kwa hivyo nilirithi nguo zake na kuvumilia maswali yake.

Maswali hayo yalimfikisha Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako mwaka wa 1991 alipata shahada ya uzamifu katika anthropolojia. Nyumbani walimhurumia: daktari gani huyu asiyechoma watu sindano?

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na Jamleck Wachira, wakaishi Muthangari. Mwaka wa 1993 walijaliwa Nanjala. Nanjala ana usonji. Kelele zikizidi huziba masikio na kupiga mayowe.

Kuanzia 2001 Nanyama alitafiti uzazi miongoni mwa wakimbizi wa Kongo waliopanga nyumba mtaani Kabiria, Nairobi. Akina mama wenye watoto kama Nanjala walikuwa wameambiwa kwamba wao ndio waliowaharibu tumboni, kwa hofu ya vita. Jamani, dada yangu aliwaka! Siku moja mwaka wa 2004 alimchukua Nanjala, akaketi naye katikati yao. "Sasa huyu wangu je?" akawauliza. "Mimba yake niliibebea Muthangari, nikikula tu maembe. Hiyo vita ilikuwa wapi?" Walicheka mpaka mmoja wao, Mama Riziki, akaangua kilio. Alikuwa amemficha bintiye ndani tangu wafike Nairobi. Kesho yake alimtoa nje, na Nanyama alinipigia simu akipiga kelele za furaha zaidi ya siku aliyopata uzamifu.

Mwaka wa 2008 alipatikana na saratani. Tukiwa wodini, baadhi yetu tulianza kunong'onezana kwamba siku ya mazishi Nanjala abaki kwa jirani, asije akatuaibisha. Kumbe mgonjwa hakuwa amelala! "Mkimwacha nyumbani," akasema, "na mimi mniache mochari." Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Juni 2009.

Ndiyo maana leo hakuna spika wala matarumbeta, nami nasoma kwa koo langu mwenyewe. Mkifurahi, pungeni mikono badala ya kupiga makofi. Akina mama wa Kabiria wamejaa hapa na watoto wao wote, na hakuna aliyeachwa kwa jirani!

Ameacha mume wake Jamleck, binti yake Nanjala, nami mdogo wake.

Pumzika kwa amani, dada. Nanjala yuko hapa mbele, na hajaziba masikio.