Futi na Makoti ya Wagombea Wawili

Marehemu kaka yangu, ambaye nyote mlimwita Futi kwa sababu ya futikamba iliyoning'inia shingoni mwake hata siku za mapumziko, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili kati ya watatu. Kaka mkubwa alimtangulia, mimi kitindamimba nikafuata. Mama alisema hakulia sana. Alifumbua jicho moja akamtazama mkunga kama anayempima.

Alianza shule mwaka 1959, akamaliza darasa la nane 1966. Hesabu alizipenda, ila madawati hayakumpenda, kwa hiyo akaenda chuo cha ufundi. Mwaka 1974 alifungua chumba chake cha ushonaji juu ya duka la dawa: cherehani mbili, kioo kirefu, na daftari la vipimo vya wateja. Mwiko wake ulikuwa mmoja tu, hakumwambia mteja mmoja mwenzake anashonewa nini.

Mwaka 1978 alimwoa mteja aliyerudisha sketi moja mara tatu. "Mara ya tatu haikuwa na kasoro yoyote," wifi yangu hukiri. "Nilikuwa nimeshamzoea."

Sasa nifike pale mnapopangojea, maana naona wengine mmeshaanza kucheka. Mwaka 2003 chama chetu kilianza kutafuta mgombea wa urais. Kaka mkubwa akachukua fomu. Kesho yake mume wangu naye akachukua. Jamani! Fahali wawili hawakai zizi moja, na zizi lenyewe lilikuwa sebule yangu. Miezi kumi na minne hawakusalimiana. Mama alikuwa mgonjwa kitandani, nao walimtembelea kwa zamu ili wasikutane. Siku moja alimwambia Futi, "Mwanangu, nisife hawa wamenuniana." Futi alirudi kazini.

Wote wawili alikuwa akiwashonea yeye. Kila mmoja alimnong'oneza, "Mwenzangu atavaa nini?" Futi akajibu, "Nguo." Wakaishia kuchagua kitambaa kilekile cha kijivu.

Siku ya mkutano mkuu wa uteuzi, tarehe 17 Julai 2004, alipeleka makoti ukumbini nusu saa kabla ya hotuba, kila moja limefungwa kwenye mfuko wake. Kaka mkubwa, mrefu kama ngazi, akavaa: mikono ikaishia karibu na viwiko. Mume wangu, mfupi aliyejaa, akavaa: mikono ikameza vidole, vifungo vikagoma. Fundi anapigiwa simu, hapatikani. Kila mmoja akatoka mbio, wakagongana koridoni.

"Shemeji, mbona umesinyaa?" kaka akauliza.

"Na wewe umekua tangu asubuhi?"

Nilikuwepo. Walicheka mpaka wakashikana mabega wasianguke. Wakabadilishana makoti, wakarekebishana tai. Kura walishindwa wote wawili, tena vibaya. Aliyeteuliwa alikuwa mwanamama mmoja mwanasheria, aliyekuja na gauni lake la kila siku. Jioni ile walikwenda kwa Mama pamoja. Alifariki wiki tatu baadaye, na walimzika bega kwa bega.

Tangu hapo Futi akawa fundi aliyekosea. Miaka ishirini watu walimtania, "Fundi, una hakika hili ni langu?" Naye akiinamisha kichwa: "Binadamu hukosea."

Alianza kuugua figo Februari 2023. Alifariki Jumatano tarehe 9 Oktoba 2024, saa mbili asubuhi, mkewe amemshika mkono.

Aya hii haimo kwenye karatasi mlizogawiwa. Juzi wifi alinipa daftari la mwaka ule. Tarehe 17 Julai, kwa mwandiko wa Futi, imeandikwa: "Koti la kaka, mfuko wa shemeji. Koti la shemeji, mfuko wa kaka. Mama asingoje tena."

Kaka, na wewe mume wangu, msinitolee macho.

Ameacha mke, watoto wanne, wajukuu tisa, mimi dada yake, na wagombea wawili wanaolia kwenye benchi moja hapo mbele. Apumzike kwa amani fundi wetu. Hakukosea.