Korongo Asiye na Kwao

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Mchungaji, wazee wa Litein na wageni wetu kutoka Sigowet, walimu na wanafunzi, hamjambo. Nimepewa nafasi ya kumuaga Bi. Tecla, mtunzaji wa chumba chetu cha makumbusho, na nilikusudia kumsifu kwa utulivu. Siwezi. Tangu asubuhi yule korongo mwenye taji aliyekaushwa ananinyima raha.

Mnamjua. Alitolewa katika nyumba ya msimamizi wa kizungu wa shamba la chai, pamoja na vipepeo na mafuvu, na mguuni ana kibandiko chenye neno moja: Kericho. Kericho ipi? Ya mjini, ya mabondeni au ya milimani? Ndege asiyejulikana alikotoka ni pambo tu. Hawezi kutufundisha maji yalikuwa wapi kabla hayajakauka.

Bi. Tecla alikwenda kuuliza. Mzee Kipkurui wa hapa Litein, aliyekuwa mpishi wa nyumba ile, alimjibu upesi: "Huyo ni wa Sigowet, mama." Huko Sigowet, mwenyeji mmoja, Mama Rodah, alicheka hadi akashika mlango. "Sisi? Korongo ni ndege wa ukoo wetu, hatumrushii hata jiwe! Rudi Litein, hao ndio hawana haya." Kumbe Mzee Kipkurui naye ni wa ukoo huo huo! Nani angekubali kwamba ndege wa ukoo aliuawa shambani mwake?

Juzi kamati yetu ikasema: tuandike Sigowet, tumalize. Bi. Tecla alikataa. Alirudi kwa mzee na swali jingine. "Baba, zamani korongo walikuwa wakicheza wapi?"

Mzee alisimama, akaonyesha bonde lililo chini ya mikaratusi yake. "Pale. Walicheza mpaka ng'ombe wakasahau kunywa maji." Kisha akaitisha chai.

Je, kucheza pale ndiko kufia pale? Sivyo; kwa hiyo kibandiko kipya bado ni kitupu, na kesho Bi. Tecla anahamia Nairobi. Tutamwacha aondoke hivyo? Mzee Kipkurui, uko hapa mbele yangu. Aliyefyatua bunduki alikuwa yule msimamizi, mgeni, na nyumba ilikuwa yake. Ukoo hautakulaumu kwa kusema uliloliona. Mimi nitakuwa wa kwanza kukutetea.

Bi. Tecla, kalamu unayo. Nanyi nyote, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Sasa mpeni mzee.