Elinipa Mbwambo na Udongo wa Kisima cha Kidahwe

Ndugu waombolezaji, familia imeomba msomewe maisha ya mpendwa wetu Elinipa Isaka Mbwambo, aliyezaliwa Same tarehe 9 Machi 1966, mtoto wa tatu wa Mzee Isaka na Mama Erica, akamaliza sekondari mwaka 1985, kisha akasomea ufundi wa maabara ya maji na kuhitimu mwaka 1989.

Mwaka 1991 alipangiwa kazi Kigoma, akaja akitarajia kuhama mapema, lakini tarehe 17 Septemba 1994 alifunga ndoa na Gervasi, fundi wa injini za boti pale Ujiji, ambaye ndugu zake walimtania kwamba ameoa mwanamke anayepima maji kabla ya kuyanywa, naye Elinipa akawajibu kwamba angewapima na wao, ila hana chupa za kuwatosha. Walijaliwa watoto wawili, Melania na Dismasi.

Mwaka 2016 alikuta madini ya risasi, ambayo ni sumu, katika kisima kimoja nje ya Kidahwe, karibu na mahali palipovunjwa betri chakavu za magari, na kwa kuwa kinamama hawakuwa na maji mengine ya karibu, alileta udongo wa mfinyanzi kutoka Kalinzi, akauchoma kidogo, akaupondaponda na kuujaza kwenye pipa, maji yakawa yanapita humo na risasi inabaki kwenye udongo.

Udongo wa kwanza ulipochoka, yaani ulipojaa risasi, uliopolewa na kuanikwa juani, ukanukia mvua, na Elinipa aliporudi alikuta wajawazito wamekwishaubeba kwenda kuutafuna, kama ilivyo kawaida. Alipita nyumba kwa nyumba akiuomba, wengine wakamcheka, na Catherine, aliyekuwa na mimba ya kwanza, akamwambia kwamba udongo ni udongo tu, bibi zake waliula wakazaa salama. Elinipa alikaa chini mlangoni pake.

"Mwanangu, hata mimi nimeutafuna mimba zote mbili," alimwambia. "Lakini huu umekunywa yale niliyokukataza wewe usinywe."

Catherine alifungua pindo la kanga, akamrudishia, kisha wakazunguka wote wawili hadi nyumba ya mwisho, lakini Elinipa hakutulia mpaka mtoto alipozaliwa, akapimwa damu na kuonekana salama. Tangu hapo udongo uliochoka hufukiwa kwenye shimo la zege lenye mfuniko, na funguo anazo Catherine.

Elinipa alianza kuugua saratani ya kongosho Novemba 2023, akatibiwa Kigoma na Dar es Salaam, na alifariki nyumbani Gungu alfajiri ya tarehe 4 Juni 2024, Gervasi akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Gungu waliopika na kukesha nasi, na wafanyakazi wenzake wa maabara. Kinamama wa Kidahwe wametuomba radhi kwa kuchelewa kufika msibani jana, kwani ilikuwa siku ya kubadilisha udongo na Catherine alikataa kabisa kuiahirisha. Familia inasema hamkuchelewa.

Mama Melania, pumzika sasa kwa amani, shimo la Kidahwe limefungwa.