Mgeni wa Ikulu

Ugenini, kwenye teksi ya Jeppestown, kibasi kilichojaa abiria, Orpha aliketi kati ya Mama Hedwiga wa Songea na Damien, fundi cherehani wa Bukavu. Wawili hao hawakuwa wakijuana.

“Rais Kennedy alimkaribisha Nyerere wetu Ikulu ya Marekani, uhuru bado mbichi!” Mama alitamba, kana kwamba chai aliipika yeye.

Damien akarusha mikono. Orpha akainamisha kichwa kuikwepa, Damien akisema: “Lumumba naye alienda! Rais Eisenhower hakuonana naye. Mgeni amefika, mwenye nyumba hayupo!”

“Labda hakutoa taarifa mapema.”

“Mama, kwenu Songea mgeni anatoa taarifa?”

Teksi nzima ikacheka, hata wasiojua Kiswahili. Ikasimama, Damien akashuka. Mama akachungulia dirishani: “Jumapili uje kwangu kula! Usipige simu, wewe njoo tu!”

Hakumwambia anakaa wapi.